Mtutu Uliogoma Kukaa: Shajara ya Kuunda Bunduki Yangu ya Kwanza ya Gumegume

Jumamosi, 11 Januari 2025

Sanduku nililolisubiri tangu Novemba limefika, na mchana huu nimelifungua juu ya meza ya karakana yangu ndogo hapa Lancaster, Pennsylvania. Ndani yake kuna vipande vya bunduki ndefu ya kushindilia baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, ya aina iliyoundwa katika wilaya hii hii karne ya 18: mti wa bunduki, yaani ubao unaobeba vyuma vyote, wa mepo (maple) yenye mawimbi, mtutu wa pembe nane wenye urefu wa inchi 42 (karibu sentimita 107) na tundu la inchi nusu, mtambo wa gumegume unaowasha baruti kwa cheche za jiwe, kifyatuo, mdeki (ufito wa kushindilia) wa mti wa hikori, pamoja na bamba la kitako na mapambo mengine ya shaba. Mashine imekwisha kuchonga mti huo kwa kiasi kikubwa, lakini muuzaji anaeleza katika karatasi zake kwamba nafasi zote za kuingizia chuma zimeachwa finyu kwa makusudi, ili mnunuzi azimalizie kwa mkono.

Mimi ni seremala. Nilijifunzia kazi Tanga, kwenye mvule na mninga, na hapa Marekani ninatengeneza makabati. Sijawahi kugusa bunduki kama fundi, na kilichonivuta si risasi bali ni mti. Nilipohamia katika mji huu niliona kwenye makumbusho bunduki za mafundi wa zamani, akiwemo Jacob Dickert aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1740 na kufanya kazi hapa Lancaster hadi uzeeni, na nikasimama muda mrefu nikiangalia mahali chuma kinapokutana na mti, kwa sababu hapakuwa na upenyo hata wa kupitisha unywele. Mafundi hao walikuja na bunduki fupi nene za misitu ya Ujerumani, kisha wakarefusha mtutu na kupunguza tundu, maana risasi ndogo hula baruti na madini ya risasi kidogo, na mtu anayekaa miezi porini hana duka la kurudia.

Niseme mapema kuhusu sheria, kwa kuwa wasomaji wa Kiswahili wako nchi nyingi. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 inaihesabu bunduki ya gumegume ya kushindilia, hata ikiwa mpya iliyoigwa, kuwa silaha ya kale, na ndiyo maana vipande vyake vinaweza kuuzwa namna hii, ingawa majimbo yana masharti yao. Tanzania na Kenya mambo ni tofauti kabisa: kuunda gobori nyumbani ni kosa la jinai. Ninachoandika hapa ni kazi ya mahali nilipo.

Jioni nimeujaribu mtutu kwenye mfereji wake. Umeingia nusu ya kina, ukakwama. Nimeuondoa na kufunga karakana kabla mkono haujaifikia nyundo ya mti.

Jumapili, 19 Januari

Nimetumia asubuhi nzima kuuelewa mti kabla ya kuukata. Mtutu una upana wa milimita 22 na unatakiwa kuzama mpaka katikati ya pande zake za wima, yaani pande tano kati ya nane ziguse mti au zikaribie kuugusa. Kuta za mfereji karibu na mdomo wa bunduki zina unene wa milimita tatu hivi, na chini yake kuna mfuo wa mdeki unaozidi kuudhoofisha mti. Ubao wa namna hiyo hauvumilii kulazimishwa. Ukigonga chuma kizito kiingie, kitaingia, lakini kitakuwa kabari, na ukuta utapasuka kufuata nyuzi zake mpaka mahali ambapo huwezi kuficha. Mahali pengine pa hatari ni shingo ya bunduki, pale mkono unaposhika nyuma ya mtambo, ambapo mti ni mwembamba na mara nyingi nyuzi hukata upande badala ya kwenda sambamba.

Kwa hiyo kazi ya leo ilikuwa masizi. Mafundi wa kazi hii hupaka chuma rangi nyeusi, hukikalisha mahali pake kwa kukibonyeza, hukitoa, kisha hukata pale tu palipopata weusi. Zipo rangi zinazouzwa kwa ajili hiyo, lakini mimi nimewasha kibatari, nikakinga kigae juu ya moshi wake kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, nikachanganya masizi yale na matone machache ya mafuta ya zeituni. Mchanganyiko uwe mwembamba sana, kiasi kwamba chuma kinaonekana kama kimepakwa kivuli. Ukiwa mzito, kila mahali patakuwa peusi na hutajua lolote.

Nimefunga klampu mbili zenye ngozi kwenye mtutu ziwe vishikio, ili niutoe wima kwa mikono yote miwili. Kuuvuta kwa kuinua mdomo peke yake ni kuugeuza mtutu kuwa mtaimbo, na sehemu ya nyuma ya mti ndiyo inayolipa.

Alama zimetokea kando zote mbili za mfereji, urefu wote. Nimekwangua mpaka saa tisa alasiri, na mtutu umeshuka kwa kiasi kisichozidi unene wa karatasi mbili.

Jumamosi, 1 Februari

Nimefanya kosa, na nitalieleza kirefu kwa sababu nadhani ndilo kosa la kila anayeanza.

Kwa wiki mbili nimekuwa nikipaka masizi, nikibonyeza, nikitoa na kukwangua kando za mfereji palipo na weusi, na kila mara weusi ulirudi palepale. Leo nimeweka taa chini, mwanga upite ubavuni mwa mfereji, na nimeona kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu siku ya kwanza. Weusi wa kando ulikuwa wa michirizi, umevutwa kutoka juu kwenda chini, mwepesi na usiong'aa. Hiyo ni alama ya chuma kilichopita kikiparuza. Weusi wa mahali chuma kilipokaa kwa uzito wake ni mwingine: ni doa lililokolea, lina mng'ao, na nyuzi za mti chini yake zimelazwa kidogo. Madoa ya namna hiyo yalikuwa mawili tu katika bunduki nzima, nayo yalikuwa nyuma kabisa, kwenye pembe mbili za chini ambapo tako la mtutu linakutana na ukuta wa mti.

Sababu ilikuwa wazi nilipoitafuta kwa kipimo. Kisu cha mashine kinazunguka, kwa hiyo hakiwezi kuacha pembe kali. Kila kona yake ya ndani ni ya mviringo. Tako la mtutu ni la pembe kali. Chuma kilikuwa kimepanda juu ya vikona hivyo viwili, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, na mtutu wote wa sentimita 107 ulikuwa umening'inia hapo huku mimi nikipunguza kuta zisizo na hatia.

Nimechukua patasi ya milimita sita, nikainoa mpaka ikanyoa nywele za mkono, nikachonga pembe zile mbili kwa wima. Mtutu umeshuka milimita mbili papo hapo, kwa kubonyezwa na viganja tu.

Furaha hiyo imekuja na bei yake. Upande wa kushoto, kiasi cha sentimita 20 kutoka mdomoni, nilikuwa nimekwangua kupita kiasi, na sasa mtutu ukikaa kuna upenyo unaoweza kupokea ukucha. Nimeuandika urefu wake ukutani: sentimita tisa.

Jumapili, 9 Februari

Mzee mmoja jirani yangu, mtu wa Uvira aliyekuja hapa na familia yake kama walivyokuja Wakongo wengi waliopokewa katika mji huu, alipita kunisalimu akakuta bunduki mezani. Aliitazama kwa muda bila kuigusa. "Mdogo wangu, hii ni gobori?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, ni gobori ya gumegume. Akasema babu yake alikuwa na moja ya kushindilia, na kwamba usiku ilikuwa ikilazwa juu ya meko ili moshi uilinde na wadudu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu asiye seremala: ikiwa inalazwa kwenye joto kila siku, mti haupungui? Nilimjibu kwamba hupungua, nikaendelea na kazi. Nitalirudia swali lake, kwa sababu sikulipa uzito uliostahili.

Mazungumzo yale yalinikumbusha jinsi Kiswahili kilivyo na maneno tele ya kazi hii. Gumegume ni jiwe lenyewe na bunduki inayolitumia, mdeki ni ufito wa kushindilia, kasiba ni mtutu, kifa ni kisahani cha baruti, kamani ni springi, na fataki, ambayo leo ni ya sherehe, ilikuwa kile kifuniko kidogo cha kulipukia kilichokuja baada ya jiwe. Maneno hayo hayakuja bure. Bunduki za kushindilia ziliingia pwani yetu kwa wingi katika karne ya 19, na wafanyabiashara wa Kimarekani walikuwa miongoni mwa waliozileta; mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said ulitaja bunduki na baruti waziwazi, ukaagiza kwamba katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali tu.

Upenyo wa kushoto nimeuziba. Nilikata ukanda mwembamba kutoka kipande cha mepo kilichobaki kwenye mti huu huu, nikalinganisha mwelekeo wa nyuzi, nikaubandika kwa gundi na kuubana kwa usiku mzima, kisha nikauchonga upya kwa masizi. Ukiujua ulipo utauona. Usipoujua utaupita.

Jumamosi, 1 Machi

Mtutu umekaa. Umekaa kwa maana kamili ya neno: nikiuweka hauchezi, nikigeuza bunduki juu chini hauanguki mara moja, na madoa yenye mng'ao yametawanyika chini na nyuma. Kile ninachojali zaidi ni uso wa nyuma, ambapo tako la mtutu linaegemea mti, kwa kuwa msukumo wote wa nyuma wa mlipuko hupitia hapo. Hapo sikutaka nafasi hata kidogo. Ukikata mti mwingi pale, chuma kitaegemea bolti na pini badala ya ubao, na siku moja kitaupasua.

Ulimi wa chuma unaotoka nyuma ya mtutu na kulala juu ya shingo ulinipa shida ndogo tu. Ulikuwa na mpindo ambao haukufanana na mpindo wa mti. Niliukunja taratibu kwenye jiriwa mpaka ukalingana, badala ya kuukatia mti shimo refu, kisha nikamalizia kwa masizi. Hapa nimejifunza kwamba si kila kinachobana hutibiwa kwa patasi. Wakati mwingine chuma ndicho chenye kosa.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeanza mtambo, na nimeuogopa kwa haki. Mtambo wa gumegume una bamba la chuma lenye nyundo inayoshika jiwe, bamba la cheche linalopigwa na jiwe hilo, kifa, na upande wa ndani kamani kubwa pamoja na vipande vinavyoishika nyundo na kuiachia. Vyote hivyo vinatakiwa vizame ndani ya mti, na shimo lake ni la maumbo saba au manane yaliyopandana, kila moja na kina chake.

Bamba lenyewe lilikuwa na makovu ya kumiminwa: ukingo mmoja ulikuwa umevimba mahali chuma kilipoingilia katika kalibu. Nimeliweka sawa kwa tupa, kisha nikailaza tupa kidogo pembeni ili upande unaoingia ndani ya mti uwe mwembamba kuliko upande wa nje kwa kiasi cha unywele. Mteremko huo mdogo ni siri kubwa ya kazi. Bamba lenye kingo za wima kabisa huparuza mti kila linapoingia na kutoka, na baada ya majaribio 40 mdomo wa shimo unakuwa umelika na kulegea, wakati bamba lenye mteremko huingia kwa uhuru na kubana mwishoni tu, likaziba upenyo wote.

Nimefungua mtambo wote. Kamani nimeitoa kwa kibanio chake maalumu, maana kuitoa kwa koleo ni kuhatarisha vidole na kamani yenyewe. Nimeanza na bamba tupu, na sitaongeza kipande cha pili mpaka la kwanza likae.

Kikomo cha kina chake kimewekwa na mtutu: uso wa ndani wa bamba unatakiwa uguse ubavu wa mtutu, pasiwe na nafasi ambamo baruti ya kifa inaweza kuanguka. Zimebaki milimita tatu.

Jumapili, 23 Machi

Milimita moja na nusu. Mepo yenye mawimbi ni nzuri kwa macho na ngumu kwa patasi, kwa sababu nyuzi zake hupanda na kushuka, na ukisukuma patasi kufuata urefu wa mti inazama kwenye bonde na kung'oa kipande. Nimeacha kusukuma. Ninakata kwa kuvuka nyuzi, kwa ncha ya patasi iliyoinamishwa, nikitoa unga badala ya maranda.

Jumamosi, 12 Aprili

Bamba limegusa mtutu. Nilijua kwa sauti kabla ya kujua kwa macho: nikigonga bamba kwa kidole, sauti ya mti ilitoweka ikaja sauti ya chuma juu ya chuma. Nimeingiza ukanda wa karatasi ya kuvutia sigara kati yao pande tatu, na pande zote tatu umeshikwa.

Kisha nikaongeza vipande vya ndani kimoja kimoja, kila kimoja kikipakwa masizi peke yake, na kila kimoja kikaonyesha mahali pake. Kamani ilichukua siku mbili, kwa sababu haitakiwi kugusa mti ikiwa imepumzika wala ikiwa imebanwa, na umbo lake linabadilika kati ya hali hizo mbili.

Nilipokwisha kukaza bolti mbili za mtambo, jambo jipya likatokea. Nje ya mti nyundo ilikuwa ikianguka kwa nguvu na sauti kavu. Ndani ya mti, bolti zikiwa zimekazwa, ilianguka kwa uvivu, na mara moja ilisimama katikati ya safari. Kwa siku moja nilidhani mtambo ni mbovu, nikaandika barua ya malalamiko kwa muuzaji. Kabla ya kuituma nililegeza bolti robo mzunguko, nyundo ikaanguka vizuri. Nikakaza, ikawa nzito tena. Mtambo haukuwa na ubaya; mti ndio uliokuwa ukiushika, na ulikuwa ukiushika pale tu bolti zinapouvuta ndani kabisa.

Nilirudia somo la Februari. Sikukata kitu. Nilipaka masizi kipande kimoja, nikafunga, nikakaza mpaka mwisho, nikaangusha nyundo mara moja bila jiwe huku nikiizuia kwa kidole gumba isigonge, nikafungua. Safi. Kipande cha pili, safi. Kipande cha tatu ni kile kimkono kinachochomoza kuelekea kifyatuo, na ncha yake ilikuwa imeacha doa moja linalong'aa, la ukubwa wa kichwa cha pini, chini ya tundu lake. Nimetoa pale kiasi cha milimita moja ya mti. Nimekaza bolti zote. Nyundo imeanguka kama inavyotakiwa, na barua nimeichana.

Jumamosi, 10 Mei

Bolti ya mbele ya mtambo ni kitendawili ambacho kila mwundaji wa bunduki hizi hukutana nacho. Inapita katikati ya mtutu ulio juu na tundu la mdeki lililo chini, mahali ambapo kuna ubao wa milimita chache tu, na yenyewe ni nene kuliko ubao huo. Lazima ikope nafasi kwa jirani mmoja.

Nilijua imekopa kwa nani mdeki ulipokataa kuingia sentimita nne za mwisho. Niliupaka masizi kichwani, nikausukuma taratibu, ukarudi umekwanguka upande wa juu. Wazo la kwanza lilikuwa kuuchonga mdeki uwe mwembamba mwishoni, lakini mdeki mwembamba huvunjika mkononi mwa mtu anayeshindilia, na hikori iliyovunjika hutoa vijiti vikali vya kumchoma. Nimeitoa bolti, nikaweka alama upande wake wa chini nikiwa bado najua sehemu yake ya juu ni ipi, nikaitia mbonyeo kwa tupa ya mviringo. Bolti bado ina chuma cha kutosha kwa kazi yake, ambayo ni kulishika bamba tu. Mdeki umepita.

Vishikio vya chini ya mtutu, ambavyo pini hupitia kuufunga kwenye mti, vilikuwa vikubwa kuliko mifuo yake, na hapo nilifuata kanuni niliyojiwekea: punguza kipande cha bei ndogo, usiguse kile cha bei kubwa. Nilivipunguza vishikio vyenyewe kwa tupa, mtutu sikuugusa. Matundu ya pini ndani ya vishikio nimeyarefusha kidogo kufuata urefu wa bunduki, kwa kuwa mti na chuma haviongezeki wala kupungua kwa kipimo kimoja, na pini iliyobanwa kwenye tundu la duara hulazimisha mti kupinda. Bamba la kitako, kikingio cha kifyatuo na mapambo mengine ya shaba yameingia bila ya jambo la kuandika.

Jumamosi, 19 Julai

Nilikuwa nimeiacha bunduki miezi miwili nikishughulika na kazi za wateja. Leo nimeitoa kabatini niupake mti dawa ya rangi, na mtutu, ule ule uliokuwa ukiingia kwa viganja mwezi Machi, umekwama robo tatu ya kina.

Nimesimama nao mkononi na swali la mzee wa Uvira likanirudia lote. Januari na Februari nilipochonga mfereji ule, tanuri la nyumba lilikuwa likiwaka usiku na mchana na hewa ilikuwa kavu kiasi cha kupasua midomo. Ubao wa ndani ya nyumba wakati huo hubaki na unyevu wa asilimia sita hadi nane ya uzito wake mkavu. Sasa ni Julai ya Pennsylvania, jasho halikauki mwilini, na mti ambao bado haujapakwa mafuta umekunywa unyevu huo ukavimba kwa upana. Mti hauongezeki sana kufuata urefu wa nyuzi. Kwa kuvuka nyuzi huongezeka, lakini si kwa usawa, hivyo mti umejikunja kidogo na kuta mbili za mfereji zimesogeleana. Nimepima: tofauti ni sehemu mbili za kumi za milimita. Inatosha.

Patasi ilikuwa karibu. Nikikata leo, Januari mtutu utacheza. Nimeuweka mti kwenye chumba chenye kiyoyozi, ukiwa umelazwa kwenye vigingi vitatu ili hewa izunguke pande zote, na nimeandika tarehe kwenye kipande cha utepe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Baada ya wiki tano mti ulirudi kwenye kipimo chake, mtutu ukaingia bila mimi kukata chochote. Nikaupaka rangi kwa njia ya mafundi wa zamani, asidi ya naitriki iliyoyeyushiwa chuma, nje ya nyumba na glavu mkononi. Mti hugeuka kijani kibaya, kisha ukipitishwa karibu na joto mawimbi hutokea mekundu na ya kahawia moja baada ya jingine. Halafu mafuta ya kitani, tabaka sita nyembamba, na safari hii nimepaka pia mfereji wa mtutu, shimo la mtambo, tundu la mdeki na matundu yote ya pini, yaani kila mahali pasipoonekana, kwa kuwa unyevu wa Julai uliingilia huko. Mafuta hayaufungi mlango kabisa, lakini hupunguza kasi ya mti kunywa na kutoa unyevu.

Wiki iliyopita nimeipeleka bunduki kwa fundi bunduki mwenye leseni aliye nje kidogo ya mji, akague tako la mtutu na mtambo kabla haijawahi kuona baruti. Alitumia muda mwingi zaidi pale nyuma, kwenye uso ambapo chuma huegemea mti. Alipaka rangi yake mwenyewe, akakalisha mtutu, akautoa, akaangalia kwa miwani ya kukuzia, akanirudishia. Hakuuona ule ukanda wa sentimita tisa mpaka nilipomwonyesha.

Jimbo hili lina msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume peke yake, ulioanzishwa mwaka 1974, nao huanza baada ya Krismasi. Leseni nimekwisha kuikata. Leo asubuhi nimekalisha mtutu kwa mara ya mwisho, nikakaza bolti ya ulimi, nikasukuma pini tatu kwa kidole gumba, zikaingia zote.